Mbwa Mgeni, Tutamwacha Huru Lini?



Wengi wenu mlisikia habari ya mbwa wetu, maana watoto waliitangaza avenue nzima. Jirani aliyekuwa anahamia Kisangani hakuweza kusafiri naye, akatuomba tumpokee. Ni jike la miaka kama miwili, jina lake Mira. Tulikubali kwa sababu ya wezi wa usiku, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu watoto walilia.

Baba wa nyumba alimtengenezea kizimba cha mbao katika pembe ya sebule, kipana cha kutosha asimame, ajigeuze na kulala amejinyosha. Usiku alilala humo bila shida. Shida ilikuwa mchana. Siku ya nne tulikuwa tunatoka wote, watoto wakaanza: amezoea, anatupenda, kumfungia ni kumtesa. Tukawasikia. Tukaacha kizimba wazi, tukafunga mlango wa nje, tukaenda sokoni.

Tuliporudi baada ya saa mbili, gunia la unga wa muhogo lilikuwa limepasuliwa na nyumba nzima ni nyeupe. Kiatu kimoja cha masomo kilikuwa kimekwisha. Pazia liko chini. Hayo yote tungeyacheka leo. Lakini nyuma ya lile gunia tulikuwa tumetega sumu ya panya, na Mira alikuwa amelala kando yake, paketi imeloa mate na ina alama za meno. Haikutoboka. Tulikaa naye usiku ule hadi kulipokucha, tukimtazama anavyopumua, na mtoto wetu mdogo hakutaka kwenda kitandani.

Baba alisema basi, mnyororo. Sisi tulisema kosa si la mbwa. Siku nne ni nini? Hata bibi-arusi kwa siku nne hajajua chumvi ya mama mkwe inawekwa wapi. Wanaozoea kupokea mbwa wakubwa huhesabu hivi kwa kukadiria: siku tatu za kutulia hofu, wiki tatu za kujifunza desturi za nyumba, miezi mitatu ya kujiona kweli ni kwao. Siyo sheria, kila mbwa ana yake. Ila sisi tulikuwa tumehesabu mapenzi ya watoto tu.

Kwa hiyo tulianza upya, na safari hii tulianza na nyumba. Sumu iliondoka kabisa. Makala, chaja za simu, mifupa ya kuku iliyopikwa (hupasuka vipande vyenye ncha, ikaumiza tumbo), vyote vikapanda juu. Tukachagua chumba kimoja tu, sebule, milango mingine imefungwa. Mbwa mgeni hapewi nyumba nzima kwa siku moja.

Kisha tukampima kwa dakika. Kwanza tulitoka kuchota maji na kurudi. Halafu dakika kumi. Halafu nusu saa, tukiwa tumesimama kwa jirani nyuma ya ukuta tukisikiliza kama wezi. Kijana wetu ndiye aliyeleta akili: akaacha simu juu ya kabati inarekodi sauti. Tuliisikiliza jioni sote. Mira alibweka mara chache, akatembea mpaka mlangoni, kucha zake zinasikika kwenye sima, kisha akashusha pumzi kubwa kama mzee, akanyamaza. Hapo ndipo moyo wetu ulitulia. Mbwa asiyeweza kubaki peke yake huonyesha mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza: hulia bila kukoma, hukwaruza mlango, hujisaidia ndani hata kama alitolewa nje muda si mrefu. Mbwa wa namna hiyo hatibiwi kwa kufungiwa kizimbani pia, maana anaweza kujivunja meno na kucha akitafuta kutoka. Anahitaji kurudishwa kwenye dakika chache, na mtu wa kubaki naye.

Kabla ya kutoka tunamtembeza, anakojoa, tunamwachia maji na kitu cha kutafuna. Akiharibu kitu, tunarudi hatua moja nyuma kwa siku kadhaa, bila fimbo. Akipigwa tunaporudi, hajui ni kwa ajili ya kiatu. Anajua tu kwamba kurudi kwetu ni kubaya.

Kwa mama wenye kitoto cha mbwa, msifuate mwendo wetu. Kitoto huzuia mkojo karibu saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, na kati ya miezi 4 na 6 meno yanabadilika, hutafuna chochote. Wengi hawaaminiki kabla ya kutimiza mwaka, na hata kizimbani hakiachwi tangu asubuhi mpaka jioni.

Jambo moja lilitutesa kuliko yote. Watoto wetu wanatoka masomo kabla sisi hatujarudi. Kumwacha mbwa huru katika nyumba tupu ni jambo moja. Mbwa aliyeshtuka kukutana mlangoni na mtoto wa miaka sita ni jambo lingine. Tuliamua kwamba siku hizo Mira anabaki kizimbani, au watoto wanangoja kwa jirani. Watoto walinuna. Hatukubadili.

Na kabla ya haya yote ni chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo mbwa hupewa kuanzia miezi 3 na kurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyopanga. Mtoto akiumwa, hata na mbwa wa nyumbani, oshea kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha kituo cha afya siku ileile. Msingoje baba arudi.

Sasa ni mwezi wa tatu. Mira anabaki sebuleni huru saa mbili, na hajagusa kitu isipokuwa kiti cha baba, ambacho analalia. Saa tatu hatujajaribu. Kwa hiyo Alhamisi hii hesabu za likelemba zikirefuka, mkiona tunaamka kabla ya wimbo wa mwisho, msituulize sababu.