Kabambare: Mpiga gita ana jina, redio zimtaje

Wako wanaosema kwamba msanii anayechukua gita ya wazee na kuiweka katika video yake mpya ni mwizi. Wako wengine wanaosema gita yenyewe ni kitu cha wazungu na cha watu wa Kinshasa, haiwahusu watu wa Maniema. Na wako wanaosema kwamba mahali penye wakimbizi wa ndani, kuzungumza habari ya muziki ni kupoteza wakati. Maneno hayo matatu hayana ukweli, na yote yanafanya kazi moja: yanawafundisha watoto wa Kabambare kwamba wao hawana kitu cha kwao.

Kwanza, huyo anayeitwa mwizi. Baloji ni mwanamuziki wa rap, alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji. Kongo ilipokuwa inaadhimisha miaka 50 ya uhuru, alitoa wimbo na video yenye majina mawili: Le jour d'après kwa Kifaransa, na Siku ya baadaye kwa Kiswahili. Ndani yake mna Indépendance cha-cha ya Grand Kallé na African Jazz. Hakuificha. Aliitaja katika jina la wimbo, ili hata mtoto asiyemjua Kallé aulize: hii cha-cha ni ya nani?

Mwizi hafanyi hivyo. Mwizi wa mbuzi hubadilisha alama ya sikio. Yule anayetoa heshima hutembea barabarani mchana na kusema: huyu mbuzi ni wa mzee fulani, nimepewa maziwa yake.

Tena Baloji hakurudia maneno ya zamani. Wimbo wa Kallé ulizaliwa Bruxelles mwezi wa kwanza wa mwaka 1960, wakati wajumbe wa Kongo walikaa na Wabelgiji katika mkutano wa Meza ya Duara. Ulikuwa wimbo wa furaha, uliotaja viongozi na vyama vilivyokuwa mezani, na tarehe 30 mwezi wa sita ikafika kweli. Baloji alichukua sauti ile ile ya furaha, akaweka juu yake swali la mtu aliyeamka kesho yake: na baadaye ikawa nini? Nani anaweza kulielewa swali hilo kuliko jamaa iliyoacha mashamba yake, ikakimbia na watoto na sufuria moja, ikasikia ahadi ya usalama mara kumi? Siku ya baadaye si wimbo wa watu wa mbali. Jina lake tu linatosha kuwafikia waliokimbia Salamabila.

Pili, habari ya gita kuwa ya wazungu. Ni kweli kwamba jazz ilizaliwa Marekani, kati ya watu weusi ambao mababu zao walichukuliwa Afrika kwa nguvu. Ni kweli pia kwamba mpiga gita wa jazz kutoka Ubelgiji, Bill Alexandre, alifika Léopoldville katika miaka ya 1950 na gita ya umeme, akafungua studio, na wapiga gita vijana wa mji ule wakasikia kitu kipya. Kabasele aliita orkestra yake African Jazz mwaka 1953. Franco na wenzake wakaanzisha OK Jazz mwaka 1956. Hawakuwa wakipiga jazz ya Marekani. Walipiga rumba na cha-cha, muziki uliokuja na sahani kutoka Cuba, na Cuba yenyewe iliupata kwa sehemu kubwa kutoka kwa watu wa Kongo waliouzwa huko. Jina jazz lilikuwa na maana ya kisasa, kama mtu anayevaa suti kwenda kupiga picha.

Lakini sikilizeni gita ya Indépendance cha-cha. Aliyeipiga ni Nicolas Kasanda, Docteur Nico, kijana wa miaka 20, na kaka yake Dechaud akimshikia gita ya pili. Mtu akiwasha redio katikati ya wimbo, kabla hajasikia neno moja, anaujua kwa ile gita. Ndiyo maana Baloji alipotaka kuuliza swali lake nusu karne baadaye, hakuhitaji kuanza na hotuba. Sauti ya gita ilitosha kuwarudisha watu kwenye mwaka 1960. Hiyo ni kazi ya Nico, na hakuna Mbelgiji aliyemwandikia.

Anayesema gita ni ya wazungu kwa sababu ilitoka nje, aseme basi Kiswahili ni cha nani. Kiswahili kilifika Kabambare na misafara iliyotoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe, tena misafara yenye minyororo. Leo ni lugha ambayo mama wa Kabambare anambembeleza mtoto wake. Kitu huwa cha mtu kwa kukitumia vizuri, si kwa kukizaa tu.

Na katika Kiswahili hicho hicho, gita ya Kongo ilisikika mbali kabla ya uhuru. Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Mtu mmoja na gita moja isiyo na umeme, bila orkestra, akiimba Kiswahili. Vijana wa Nairobi walijifunza vidole vyake. Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba gita ya Kongo inaongea Lingala peke yake.

Hapa ndipo aibu inapokuja, na ni aibu ya Maniema, si ya Kinshasa. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Alikuwa mwimbaji na mpiga gita. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kuingia Orchestra Makassy, baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili habari ya maskini, ya kifo, ya ubaguzi wa rangi, mpaka watu wakamwita Dokta. Peter Gabriel, mwanamuziki wa rock wa Uingereza, alimfungulia mlango wa studio yake ya Real World, na albamu yake Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za mtu maskini, ikatoka huko mwaka 1989. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2010. Katika mji ule kuna kituo ambacho hata dereva wa basi anakitaja kila siku: Sinza kwa Remmy.

Watanzania walimpa mtoto wa Kindu kituo cha basi. Mwanarock wa Uingereza alimpa studio. Vijana wangapi wa Kabambare wanaomjua wanajua pia kwamba ni wa jimbo lao? Wengi wanadhani ni Mtanzania. Kosa si la vijana. Kosa ni la wale wanaoshika mikrofoni.

Redio nyingi za mashariki zina tabia mbaya. Wimbo unapigwa, unakatwa katikati kwa tangazo, jina la mpiga gita halitajwi. Lakini majina ya wanasiasa na wenye pesa yanatajwa vizuri sana, kwa sababu yamo ndani ya wimbo wenyewe. Hiyo ndiyo libanga: mtu analipa, mwimbaji anarusha jina lake. Asiyejua kushika hata kamba moja ya gita anasikika mara nane, na yule aliyepiga kamba sita hasikiki hata mara moja. Kama kuna wizi katika muziki wa Kongo, uko hapo. Baloji alitaja. Wanaonyamaza ndio wanaochukua.

Tatu, neno la mwisho, kwamba wakimbizi wanahitaji unga na dawa. Ndiyo, wanahitaji, na anayepaswa kuvileta avilete. Lakini unga haukatazwi na gita. Mtu akikimbia, nyumba inabaki, mbuzi wanabaki, karatasi za shule zinaungua. Anachoweza kubeba bila mzigo ni anachokijua: nyimbo, majina, namna ya kupiga. Remmy mwenyewe alijenga jina lake katika nchi isiyo ya kuzaliwa kwake, kwa sauti na vidole tu. Mzee aliyekimbilia Kabambare akiwa anajua nyimbo za kijiji chake ni maktaba inayolala chini ya hema. Akifa bila kurekodiwa, hakuna msaada utakaoirudisha.

Basi yanayodaiwa ni madogo, na hayahitaji mfadhili. Redio za Kabambare na Kasongo zitaje jina la mpiga gita kabla ya kila wimbo, na mahali alipozaliwa. Zitoe saa moja kwa juma kwa gita ya Kiswahili, kuanzia Mwenda mpaka Remmy. Tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili iwe siku ya Remmy Ongala katika Maniema yote. Vijana wenye simu wawaendee wazee waliokimbia vita, waombe ruhusa, warekodi, waandike jina la mwimbaji, kijiji chake na mwaka. Na wakubwa wenye pesa za dhahabu, badala ya kulipa libanga ili majina yao yaimbwe, wanunue kamba za gita kwa vijana wa hapa.

Siku moja msanii wa Maniema atatengeneza video na kutaka kuwaheshimu wazee wake, kama Baloji alivyowaheshimu African Jazz. Atatafuta sauti zao. Swali ni kama atakuta kitu, au atakuta kimya kilichotangazwa kwenye redio kwa miaka 50.