Safari ya Baisikeli Hufunua Tabia

Wazee wetu wa pwani husema msafiri kafiri, maana mtu akishatoka kwao hana uchaguzi: hula asichokitamani na hulala asipopapenda. Lakini wanavyuoni nao wametuachia neno jingine. Wamesema kuwa safari, kwa Kiarabu safar, imeitwa hivyo kwa sababu hufunua tabia za watu zilizokuwa zimefichika. Nimeyaonja yote mawili katika safari ya siku tatu ya baisikeli, sisi watu kumi na wanne, kutoka Kitale hadi Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, na naona hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi.

Kwa mtu wa miaka hamsini na ushei aliyezaliwa ufukweni, Kitale si mchezo. Mji umekaa kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, na baridi ya alfajiri huko humuuma mtu mifupani. Bungoma iko kiasi cha mita 1,400, hivyo atazamaye ramani atadhani kazi yote ni kuteremka. Sivyo hata kidogo. Njia ya Kiminini na Kamukuywa hupanda na kushuka, na Mlima Elgon, wenye mita 4,321, hukaa kuliani kwako ukikutazama tu.

Siku ya kwanza tabia zikaanza kufunuka. Vijana wenye baisikeli za gia walitimka, wakatuacha wenye umri na wenye baisikeli nzito tukihema katika mashamba ya mahindi. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao amiri. Sisi tulikuwa naye, mwalimu wa Kibukusu, Mkristo, ambaye sidhani amepata kuisikia hadithi hiyo. Jioni aliwakusanya vijana, akawaambia kuwa tangu kesho wao watatangulia kwa zamu ili wakate upepo, na aliye mnyonge kuliko wote atakaa nyuma yao pale penye nafuu, na mwendo utakuwa wake yeye. Nikaikumbuka methali ya Waarabu isemayo kuwa mnyonge ndiye amiri wa msafara. Wallahi, siku ya pili tulikwenda kama watu wa nyumba moja. Adhuhuri, sisi Waislamu tuliposali kwa kupunguza na kukusanya, kama msafiri alivyoruhusiwa, wenzetu walitulindia baisikeli bila ya kuombwa.

Karibu na Webuye tulionyeshwa kilima cha Chetambe, ambako Babukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Ndugu msomaji, mwaka huo huo, huku kwetu, Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui alikuwa akiwapiga vita Waingereza hao hao. Ni wangapi kati yetu tunaojua kuwa tulikuwa na msiba mmoja kwa wakati mmoja? Anayepita kwa basi la usiku huamka Malaba, na kilima amekipita usingizini.

Jambo jingine ni la aibu kwetu sote. Nchi hii ya magharibi ndiyo iliyoipa Afrika Mashariki neno boda boda. Lilianzia mpakani Busia, katika miaka ya 1960, pale vijana walipokuwa wakibeba watu kwenye keria za baisikeli baina ya Kenya na Uganda. Leo jina limechukuliwa na pikipiki, na mwenye baisikeli amebaki bila jina na bila njia. Kutoka Webuye kuelekea Bungoma, barabara ni ile ya malori yaendayo Uganda. Likija moja nyuma yako huna ila kujitupa kwenye kokoto, na ukirudi barabarani ushukuru Mungu. Sisi tulikuwa wageni wa siku tatu. Mama apelekaye maziwa sokoni na mtoto aendaye shule hupita hapo kila siku. Wenye kujenga barabara wakumbuke kuwa mpanda baisikeli naye ni mwananchi, wamtengee njia yake.

Na nyinyi walimu wa madrasa na wakuu wa vilabu vya pwani, msingoje mashindano ndipo muwatoe vijana. Mashindano humtafuta wa kwanza tu. Safari ya pamoja humtazama wa mwisho, na kijana aliyejifunza kumngoja mwenzake mlimani huenda siku moja akapewa ofisi, akawangojea na wananchi. Wapelekeni Kitale, wateremke hadi Mabanga, wale ugali wa wenyeji na wajue majina yao. Akirudi kijana na vumbi la njia ile miguuni, hamtamsikia tena akisema ati watu wa bara hawajui utu.