Foleni Imepangwa Kinyume

Neno linaloua elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu si "hapana". Ukiambiwa hapana unaweza kubisha, ukakata rufaa, ukagonga ofisi ya pili. Neno linaloua ni "baadaye". Kwanza tumalize madawati, halafu vyoo, halafu kompyuta. Kisha, baadaye, tutawatazama na wale wa kitengo. Ninafundisha kitengo cha elimu maalumu mkoani Tanga, na neno hilo nimelisikia likisemwa kwa upole na watu wema kabisa. Ninalipinga, na ushahidi wangu unatoka hapahapa Tanga.

Mwaka 2014 taasisi ya Marekani iitwayo XPRIZE ilitangaza shindano: nani atatengeneza programu ya kumwezesha mtoto asiye na shule ajifunze mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu? Zawadi zilifika dola milioni 15, na fedha hizo zilitoka kwa Elon Musk. Uwanja wa majaribio ukawa mkoa wetu. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, programu tano zilizoingia fainali zilipakiwa kwenye vishikwambi vilivyotolewa na Google, wakapewa watoto karibu 3,000 wa miaka 7 hadi 11 katika vijiji 170. UNESCO na Mpango wa Chakula Duniani walishirikiana na serikali yetu kuiendesha kazi hiyo, na vijijini viliwekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Programu zote zilifundisha kwa Kiswahili.

Kwa takwimu za waandaaji wenyewe, asilimia 74 ya watoto hao walisema hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ilipungua kwa nusu. Mei 2019, huko Los Angeles, washindi wawili walitangazwa na kila mmoja akapata dola milioni 5. Mmoja ni onebillion ya Uingereza. Wa pili ni Kitkit School ya kampuni ya Enuma.

Kwa huyu wa pili ndipo pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Enuma ilianzishwa na Sooinn Lee, Mkorea aliyekuwa mbunifu wa michezo ya kompyuta, pamoja na mumewe. Walipata mtoto mwenye mahitaji maalumu. Mama akatafuta programu za kumsaidia mwanawe, asiridhike nazo, akaamua kutengeneza zake. Programu yao ya hesabu, Todo Math, ilijengwa kwa kuwafikiria watoto wa namna hiyo: ina mpangilio wa anayetumia mkono wa kushoto, ina mwandiko wa kumsaidia anayechanganya herufi, ina kitufe cha kuomba msaada. Kitkit School ni chipukizi la mzizi huohuo.

Basi tuseme wazi. Mojawapo ya programu mbili zilizoshinda vijijini Tanga ina asili yake kwa mzazi aliyekuwa akimhangaikia mtoto wa aina ile tunayoambiwa asubiri. Huyo tunayemweka mwisho wa foleni ndiye aliyeanzisha safari.

Wala si bahati nasibu. Ukimtengenezea somo mtoto ambaye mkono wake hautulii, utaweka picha kubwa za kugusa. Ukimtengenezea anayesahau upesi, utakata somo vipande vidogo na kuvirudia bila karipio. Ukimtengenezea asiyeelewa maelekezo marefu, utamwonyesha badala ya kumhubiria. Sasa mchukue mtoto ambaye hajawahi kukaa darasani wala kushika kishikwambi. Anahitaji nini? Hivyohivyo. Mlango wa zahanati ukiwekwa mteremko kwa ajili ya kiti mwendo, mjamzito naye anapita, na mzee wa fimbo naye anapita. Ukianza na ngazi ukasema mteremko baadaye, utakuja kubomoa.

Darasani kwangu yupo mvulana wa miaka 12 mwenye usonji. Hasemi. Taarifa aliyokuja nayo iliandikwa kwamba hajui herufi, kwa sababu kipimo kilikuwa kuitamka herufi. Nilimpa kishikwambi. Akisikia sauti ya b, anaigusa b. Akikosea, anarudia mara ishirini bila kuniangalia usoni kuona kama nimekasirika, kwa sababu mashine haikasiriki. Herufi alizozipata kwa njia hiyo ni zake, na hakuna taarifa itakayozifuta. Lakini ana miaka 12. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Huyu "baadaye" yake inahesabika kwa mihula.

Wanaonipinga wana hoja tatu, na zote nazijua kwa moyo.

Ya kwanza: programu haiwezi kuwa mwalimu. Kweli kabisa. Shindano lile liliota mtoto anayejifunza bila mwalimu, na ndoto hiyo siitaki kwa wanafunzi wangu. Mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mtu wa kumshikia kiwiko, na mtu wa kujua kwamba leo hakulala. Lakini hoja hii hutumika vibaya: inageuzwa kuwa sababu ya kumnyima mwalimu chombo. Seremala hanyimwi randa kwa kuwa randa haitengenezi mlango yenyewe.

Ya pili: watoto hawa ni wachache. Nani aliwahesabu, na aliwahesabia wapi? Rejesta ya shule inamhesabu aliyefika. Aliyefungiwa chumba cha uani kwa aibu, au aliyeachwa kwa bibi shambani kwa kuwa shule yenye kitengo ni nauli ya daladala mbili, rejesta haimjui. Takwimu za shindano nilizozitaja zinahusu watoto walio nje ya shule, na katika zote nilizozitaja hakuna hata moja inayosema ni wangapi kati yao walikuwa na ulemavu. Hujafa hujaumbika, tunaambiana misibani na hospitalini. Kwenye kikao cha bajeti sijawahi kuisikia methali hiyo.

Ya tatu ndiyo yenye uzito: programu zile hazikutengenezwa kwa ajili ya kila ulemavu. Sauti nzuri ya Kiswahili haimfai kitu kiziwi, na picha nzuri hazimfai asiyeona. Nakubali. Lakini jibu lake si kusubiri, ni kuzirekebisha, na ruhusa ya kuzirekebisha tunayo. Masharti ya shindano yalitaka programu za fainali ziwe huria: zimewekwa wazi kwa Kiswahili na Kiingereza, mtu yeyote azichukue, azifungue, aongeze. Kinachozuia kuweka video za Lugha ya Alama ya Tanzania ndani ya somo la herufi si sheria, wala si hakimiliki.

Wataalamu nao hawako ng'ambo. Hapo Lushoto, milimani kwenye mkoa wetu huuhuu, iko Irente: shule ya wasioona, na shule ya Rainbow inayofundisha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Chuo cha Patandi mkoani Arusha kimekuwa kikitoa walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi. Walimu hawa wanajua mtoto anachoka dakika ya ngapi, anaogopa sauti gani, anapenda rangi ipi. Mkalishe mmoja wao kando ya kijana anayeandika programu pale Tanga mjini, umlipe kama unavyomlipa huyo kijana, halafu uone.

Na vifaa? Mwaka 2017 ilikuwa hoja ya haki kusema hatuna. Lakini baada ya Sensa ya mwaka 2022, serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Kwa hiyo programu ipo na haiuzwi, lugha ni yetu, kifaa kiko mkobani mwa mwalimu. Kilichobaki ni mpangilio wa foleni.

Tanga tuna msemo wetu: waja leo, waondoka leo. Miradi nayo huja na kuondoka hivyo. Inapiga picha na watoto, inaacha fulana, inakwenda. Siilaumu iliyoondoka, mgeni ana safari yake. Nauliza kuhusu sisi wenyeji, tuliobakiwa na programu ya bure kwa lugha yetu wenyewe, tukaendelea kusema baadaye.

Ninachodai ni kidogo. Programu yoyote ya kufundishia, kabla haijanunuliwa kwa fedha za umma au kusambazwa shuleni, ijaribiwe kwanza kwenye kitengo. Ianze na mkono unaotetemeka, na sikio lisilosikia, na mtoto asiyesema. Ikishindwa hapo, irudi kwa fundi. Ikifaulu hapo, wale wengine wataimudu bila shida. Mwenye programu asilete barua ndefu wala kamera. Tunafungua saa mbili asubuhi, na wanafunzi wangu watampa majibu kabla ya uji.