Mazoezi ya Enzi za Babu, Bei ya Staa!

Wadau, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Hizi "programu mpya za siku 30" mnazouziwa WhatsApp na mastaa, nyingi ni za zamani kuliko mama zenu.

Mimi nimejaribu 5BX gheto kwangu, Kilakala. Ni kozi ya jeshi la anga la Kanada, ilitungwa na Bill Orban mwishoni mwa miaka ya 1950. Mazoezi matano tu, dakika 11, na 6 kati ya hizo ni kukimbia palepale ulipo. Wadada walitungiwa XBX: mazoezi 10, dakika 12. Unaanza chini kabisa, unapanda taratibu. Hakuna mashine. Wiki ya tatu napandisha njia ya Morningside bila kuhema ovyo.

Sasa staa fulani anachukua pushapu hizohizo, anabandika picha ya tumbo lake na dayati ya brokoli na lozi, ugali marufuku, anakula elfu hamsini yako. Dada zetu wanashinda njaa hadi kizunguzungu, wakati mchicha unashuka kila asubuhi kutoka Uluguru!

Staa, kama hilo tumbo limepita kwa daktari, usitudanganye ni pushapu. Tafuta kiki kwingine, siyo kwenye afya za watu.

Au nasema uongo?