Tumbo Linalorudi Rudi

Kuharisha ni maradhi tuliyoyazoea mno Visiwani, na huko kuzoea ndiko kunakotutia hofu. Mtu huharisha, akapata nafuu, akaharisha tena, naye husema ni maji ya masika.

Kuharisha kwa siku mbili tatu aghalabu hukoma kwa maji ya chumvichumvi na chakula. Mtoto huongezewa vidonge vya zinki. Lakini choo chenye damu, homa kali, macho kudidimia, mkojo kukatika, mtoto kulegea asinyonye, au choo mfano wa maji ya mchele, hayo hayangoji hata kuche. Na kuharisha kunakopindukia siku 14, au kunakorudi huku mwili ukikonda, huenda kukawa ni amiba, kifua kikuu cha matumbo, Ukimwi, hata saratani. Bila ya vipimo hakujulikani, na vidonge vya kufunga tumbo vya dukani huficha tu.

Wakuu wa afya nao wanahusika. Mgonjwa wa Tumbatu haambiwi aende hospitali pasi na kufikiriwa chombo cha kumvusha. Tunaomba kila kituo kiwe na darubini na mpimaji wake, na boti ya wagonjwa iwekewe mafuta ya usiku.