Tupande Sasa au Tungoje?



Ukishuka basi Korogwe katika majuma haya ya Machi, ukatembea kwa miguu hadi Korogwe ya Zamani, utawakuta watu wakiinua macho juu mara kwa mara. Joto la kaskazi lingali limekaa juu ya mabati na vumbi lingali njiani. Lakini ifikapo alasiri mawingu hukusanyika upande wa milima ya Usambara, yakawa meusi, yakanguruma, kisha yakatawanyika. Siku nyingine huteremka mvua ya dakika ishirini, na hapo ndipo simu zinapoanza kulia mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huku mvua imefika. Tuma fedha za mbegu na za trekta, majirani wote wamekwisha anza."

"Imenyesha siku ngapi, mama?"

"Jana."

Neno hilo moja limekwisha kula mishahara ya wafanyakazi wengi. Fedha hutumwa, shamba hulimwa, mbegu hufukiwa. Baada ya siku sita au saba mahindi huchomoza, na kila apitaye hufurahi. Kisha jua huwaka majuma mawili mfululizo, miche hunyauka, na masika ya kweli yanapowasili hakuna tena mbegu wala fedha ya kununulia nyingine. Na mtu hawezi kusema atachota ghalani, kwa maana mbegu chotara hununuliwa upya kila msimu.

Ndiyo sababu leo safu yetu inauliza: utabiri wa juma lijalo unaposomwa redioni, tuusikilizeje, ili tusiupuuze wala tusiutarajie kutupa usichokuwa nacho?

Yafaa kwanza tufahamu kwa nini Machi ni mwezi wa mashaka. Mnamo tarehe 20 au 21 ya mwezi huu jua la utosi huwa juu ya Ikweta. Upepo wa kaskazi, ambao huvuma tangu Desemba, hupungua nguvu, na kusi huanza kushika nafasi yake kuanzia Aprili. Mahali pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, hewa yenye unyevu hupanda juu na kufanya mawingu, na huo ndio ukanda wa mvua. Ukanda huo hulifuata jua, na unaporudi kutoka kusini kwenda kaskazini ndipo tunapopata masika.

Lakini ukanda huo hauna ratiba kama gari la moshi. Husogea, husita, hurudi nyuma. Pengine dhoruba hutokea katika mlango wa bahari wa Msumbiji au karibu na Madagascar, ikauvuta unyevu uelekee kwake, nasi tukabaki na jua kali kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mvua ya kwanza ya Machi yaweza kuwa mlango wa masika, na yaweza pia kuwa mgeni mpita njia.

Jambo la pili ni mahali. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuweka mkoa wa Tanga katika pwani ya kaskazini, pamoja na Dar es Salaam, Pwani, kaskazini mwa Morogoro, na visiwa vya Unguja na Pemba. Hilo ni eneo pana mno. Ndani ya mkoa wa Tanga peke yake, miteremko ya Usambara inayoelekea baharini hupokea mvua nyingi, ilhali Mombo na Mkomazi, zilizo nyuma ya milima, hubaki na ukavu. Handeni nayo ni nchi inayojua vema maana ya kiangazi. Korogwe imekaa katikati ya hali hizo zote. Mtangazaji anaposema "mvua katika baadhi ya maeneo," hajakuahidi kwamba shamba lako ni mojawapo. Mvua za ngurumo za nchi zetu huweza kulowesha kata moja na kuiacha jirani yake kavu.

Tatu ni maneno yenyewe. Huduma yetu ya hali ya hewa imekuwa ya taifa tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977. Ikawa Wakala mwaka 1999, na Mamlaka mwaka 2019. Mamlaka hiyo hutoa utabiri wa namna mbalimbali, nasi aghalabu tunauchanganya. Utabiri wa msimu husema kama mvua za masika yote zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini yake. "Wastani" ni kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha miaka mingi cha mahali hapo. Utabiri huo hausemi mvua itanyesha Jumanne. Utabiri wa juma husema hali ya siku chache zijazo, na hapo siku mbili tatu za mwanzo ni za kuaminika zaidi kuliko siku ya saba. Basi anayesikiliza Jumapili na asikilize tena Jumatano.

Je, tupande au tungoje? Wataalamu wa kanda yetu hawahesabu wingu wala ngurumo. Hutazama kama zimenyesha milimita 20 hivi ndani ya siku chache zinazofuatana, na kama hakuna dalili ya ukavu mrefu baadaye. Mkulima asiye na kipimo achimbe kwa jembe. Udongo ukiwa mbichi hadi sentimita 15 kwenda chini, ardhi imeshiba kiasi cha kuilea mbegu. Ukikuta ubichi juu na vumbi chini, hiyo ni mvua ya kutuliza vumbi tu.

Najua wahenga wametuachia maneno mawili yanayopingana. Haraka haraka haina baraka. Na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Yote mawili ni kweli shambani, kwa maana anayengoja hadi Aprili ipite huenda mahindi yake yakakosa maji wakati wa kubeba. Njia ya busara ni kugawa. Shamba liandaliwe mapema, lingoje mvua. Udongo ukishashiba, ipandwe sehemu moja ya mbegu, na nyingine iwekwe akiba kwa juma linalofuata. Penye mashaka ya mvua, mbegu ya muda mfupi ni afadhali kuliko ile inayokaa shambani miezi mingi.

Na wewe usiye na shamba, usidhani utabiri haukuhusu. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, likipata milimita 20, hukusanya lita 800, yaani mapipa manne. Familia inayonunua maji kwa ndoo haina budi kufunga mfereji wa bati juma hili, kabla mvua haijaanza. Mvua ikipita milimita 50 kwa siku huitwa kubwa, na hapo mtaro ulioziba hugeuka kuwa adui wa nyumba.

Wakazi wa karibu na Mto Pangani wana sababu nyingine ya kusikiliza. Mto ule hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru. Ingawa bwawa la Nyumba ya Mungu huyazuia kiasi, mito ya Mkomazi na Lwengera huingia Pangani chini ya bwawa hilo, ikileta maji ya Usambara. Jua laweza kuwa linawaka Korogwe huku mto ukipanda kwa mvua iliyonyesha Lushoto. Kwa hiyo msikilize utabiri wa milimani pia, na watoto wakatazwe kuchezea kingo. Tena, hakuna masika yasiyo na mbu: makopo na matairi ya uani yaondolewe, na vyandarua vitazamwe matundu sasa.

Mwaka 1974, baada ya ukame kuibana nchi, watu wa mijini nao waliitwa kwenye Kilimo cha Kufa na Kupona. Tangu hapo wengi wetu tumeishi na mguu mmoja ofisini na mwingine shambani. Aliye mbali na udongo hana budi kuuliza vema kabla ya kutuma fedha.

Basi simu ikilia tena juma hili, usimbishie mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyeko huko na dalili za mawingu anazijua kukuliko. Mwulize kwa adabu: "Mama, ukichimba, ubichi unafika wapi?" Akijibu kwamba jembe limetoka na udongo mbichi, na utabiri wa siku tatu ukawa wa mvua, tuma fedha bila kukawia. Akijibu kwamba chini bado ni vumbi, mwombe aiweke mbegu mahali pakavu, pasipofikiwa na panya, hadi mtakapozungumza tena Jumatano.

Tuonane Jumapili ijayo, majaaliwa.