Fatima Aliyegeuka Mary

Toleo lililopita tuliahidi taarabu, na taarabu itakuja. Lakini Alhamisi iliyopita, tulipobaki tukipanga viti baada ya mkutano, mmoja wetu aliweka wimbo kwenye simu yake, na tangu hapo hatuna mazungumzo mengine. Kwa hiyo safari hii tubaki na mtu wa hapa hapa Toronto: K'naan.

Wengi wenu mnamjua kwa wimbo mmoja tu, ule wa bendera uliotumiwa na Coca-Cola katika Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini. Basi mnamjua nusu. K'naan alizaliwa Mogadishu, akatoka huko 1991 vita vilipopamba moto, akapitia New York, mwishowe familia ikatua Rexdale, ambako baadhi yetu tunapanda basi kila asubuhi. Babu yake alikuwa mshairi. Magool, yule mwimbaji mkubwa wa Kisomali, ni wa ukoo wake. Kabla hajakijua Kiingereza alikuwa ameshakariri mistari ya Rakim kwa sauti tu, bila maana, kama watoto wanavyokariri wasiyoyaelewa. Albamu yake The Dusty Foot Philosopher ya 2005 ilimpatia tuzo ya Juno ya rap mwaka uliofuata. Kisha ikaja Troubadour, 2009, ambayo sehemu yake ilirekodiwa Kingston, Jamaika.

Humo ndani ya Troubadour ndimo alimo Fatima. Ni binti wa jirani, kijana anayesimulia ana miaka kumi na miwili hivi, na mwenye bunduki anakuja kumchukua binti yule. Tuliusikiliza tukiwa tumesimama na viti mikononi. Kilichotushtua ni jambo dogo: Fatima anazungumza Kiarabu na Kiswahili, na neno "upendo" limo katika wimbo, waziwazi. Mwanachama wetu mpya aliuliza, Kiswahili Mogadishu kimefikaje? Kimefika zamani, ndugu. Kusini mwa mji huo iko Barawa, ambako watu wana Chimwiini chao, na ukizidi kushuka unawakuta Wabajuni. Ramani ya lugha yetu haianzi Lamu, ingawa vitabu vingi vya darasani huanzia hapo. (Walimu, tunasema kwa heshima.)

Sasa sikilizeni kilichofuata. Baada ya ule wimbo wa bendera kuizunguka dunia, ikaja albamu ya 2012, Country, God or the Girl. Humo kuna wimbo alioimba na Nelly Furtado, na wahusika wake wanaitwa Mary na Adam. Desemba ya mwaka huo huo K'naan mwenyewe aliandika makala katika New York Times akakiri kisa chote. Watu wa kampuni ya kurekodi walimshauri alenge wasikilizaji wengi zaidi wa Marekani, wala hawakumshika koo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kujichuja kalamuni. Fatima akawa Mary, Mohamed akawa Adam. Akatoa na hadithi ya mbweha aliyeutamani mwendo wa nabii, akauiga, ukamshinda, na alipotaka kurudia mwendo wake akakuta ameusahau. Waswahili nao wana methali yao juu ya anayemwiga tembo, lakini haiandikiki katika gazeti linalosomwa na walimu.

Hapo viti vikawekwa chini, mabishano yakaanza. Upande mmoja ulisema jina ni biashara tu: mtu aliyekimbia vita hana deni kwa yeyote, aimbe atakavyo, alipwe. Tena, wakasema, wimbo wa bendera wenyewe ulikuwa umeshapunguzwa vita na njaa ndipo ukaingia uwanjani, na ninyi mliucheza. Hilo lilituuma kwa sababu ni kweli. Upande wa pili ulijibu kwamba hakuna aliyemhukumu kuliko alivyojihukumu mwenyewe. Sisi tunaoandika ukurasa huu tuko upande wa pili, ila tunaongeza kwamba albamu ya 2012 si takataka, na kwamba mwaka 2024 mtu huyu alipata Grammy kwa wimbo uitwao Refugee. Mbweha huyu naona hakusahau kila kitu.

Mwenzetu aliyeweka wimbo alikuwa kimya muda wote. Mwisho akatoa mfukoni kitambulisho chake cha kazini, akakiweka mezani. Jina lake ni Mwanakhamisi, jina la bibi yake. Kitambulisho kinasema "Mona". Meneja alipendekeza siku ya kwanza, kwa upole kabisa, naye akaitika kwa sababu alihitaji zile saa za kazi. Miaka miwili sasa. Kinachomkera, alisema, ni kwamba juzi mama yake alimpigia simu akiwa kazini, naye akaipokea kwa kusema, "Mona hapa."

Hakuna aliyecheka. Tulimsindikiza hadi kituo cha treni.

Alhamisi ijayo tutazisikiliza nyimbo hizo mbili mfululizo, Fatima kwanza. Mwenye spika iliyo bora kuliko ya simu ailete. Mahudhurio yataitwa kwa majina kamili, na katibu ameombwa ayafanyie mazoezi.